Rangi Mbichi

Jumatatu, Kibuye bado ina usingizi wa Jumapili,
maganda ya miwa yangali chini,
Nyar Alego akaniita na kopo langu la rangi.
"Niandikie neno moja kwenye sanduku la barafu.
Lile la Kizungu. Kila mwenye mbuta analo,
ni wangu tu ambaye hajabatizwa."

Neno moja, herufi tano, shilingi mia mbili.
Nikapiga mstari kwa chaki na uzi.
Akakaa juu ya kreti, akauliza:
"Na hilo neno, hasa, linasema nini?"

Mimi shule niliishia darasa la saba, Ahero.
Nikasema: linasema mbichi.

Akacheka hadi magamba yakamdondoka mkononi.
"Mbichi ni ndizi za Kemunto zinazoshuka kutoka Kisii,
ukizila leo tumbo litakuimbia mpaka Ijumaa.
Mbichi ni kuni zilizonitoa machozi alfajiri.
Mbichi ni sare ya mtoto, imekwenda shule na maji yake
kwa kuwa jana mvua ilitoka ziwani bila hodi.
Nani atanunua samaki wa jina hilo?"

Basi mpya.
"Mpya ni sufuria. Samaki hana wa zamani,
ana aliyeoza."

Safi?
"Sakafu hiyo."

Baridi?
"Baridi ni soda," akasema,
kisha akaongeza kitu ambacho sikukisikia.

Nikamweleza, brashi mkononi: neno hili ni mgeni
aliyeingia nyumbani na viatu.
Mwalimu Rapudo alitufundisha, kwa fimbo,
kwamba sifa huvaa sare ya jina lake:
kidonda kibichi, mahindi mabichi, matofali mabichi.
Hili halibadilishi shati.
Hewa freshi, maziwa freshi,
vijana wanaoripoti Maseno na magodoro kichwani, freshi,
na unayemdai akikutana nawe Kondele
ukimuuliza uko aje, freshi,
huku macho yake yanatafuta kichochoro.

Hapo akanyamaza.
"Hilo la mwisho," akasema, "nalijua.
Nililisema kule Russia, wiki nne sasa,
nesi alipoleta fomu niuchukue mwili wa Obiero.
Aliniuliza, mama, uko aje?
Nikamjibu, niko freshi.
Sijui nililitoa wapi. Mdomoni halikukaa hata kidogo,
lilipita tu, kama mtu anayekatiza uwanja wa wenyewe."

F. R. E.

Msalaba wa Obiero niliuandika mimi,
jina na tarehe mbili, kwa rangi iliyobaki ya duka la dawa.
Fundi alikuwa na haraka, ubao wa mkaratusi haukuwa umekauka;
jua la Seme lilipoupiga, ukapinda.
Sasa jina lake linatazama boma la jirani.
Udongo pale bado ni mabonge.
Nyasi zimechungulia ukingoni tu, hazijathubutu.
Haya sikumwambia. Mjane huenda kwake Jumamosi,
ameyaona.

S.
Ndipo nikagundua nafasi imekwisha.
Miaka kumi na tisa ya kazi, na H haina pa kukaa.
Nikaiteremsha chini, peke yake, kando ya bawaba.

Akaitazama muda mrefu.
"Mbona huyu amebaki nyuma?"
"Anakuja," nikasema.

Alinilipa mia moja na hamsini.
Hamsini ya H aliikata, na ilikuwa haki yake.

Nikachukua kipande cha chaki, na kwenye kifuniko
nikaandika kwa Kiswahili, bila malipo:
RANGI MBICHI, USIGUSE.

Akasoma polepole, herufi kwa herufi,
midomo ikimsaidia.
Kisha akaweka kidole palepale.